Shajara ya mradi: kuivunja 2^67 − 1

Jumamosi

Namba ya mradi huu ni 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Kwa kifupi ni 2^67 − 1: unachukua 2 kwa kipeo cha 67, unatoa 1. Ukiiandika kwa mtindo wa kompyuta, wa sifuri na moja, unapata moja 67 zimepangana, hakuna sifuri hata moja katikati. Katika shajara hii nitaiita N.

Lengo ni kuijua N mpaka ndani: vigawo vyake ni vipi, kwa nini vina sura vilivyo nayo, na kwa nini watu walikaa na jibu lisilo sahihi juu yake kwa muda mrefu hivyo. Zipo programu ambazo ukizipa N zinakurudishia vigawo papo hapo. Sizitumii. Sharti nililojiwekea ni kwamba kila hatua niweze kuieleza kwa hesabu ya kawaida na kuithibitisha, ndipo niende inayofuata. Natumia Python kwa sababu haina kikomo cha ukubwa wa namba kamili. N imevuka kidogo tu biti 64 (yaani tarakimu 64 za sifuri na moja) ambazo kompyuta huzishika kwa mkupuo mmoja, na kipeo chake cha pili hufika biti 134, kwa hiyo katika lugha nyingine ningelazimika kuikata vipande mwenyewe.

Historia kidogo, maana bila hiyo namba hii haina uzito wake. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alichapisha orodha ya vipeo n hadi 257 ambavyo, kwa maoni yake, 2^n − 1 ni namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha hiyo ina 67 na 257 zisizostahili kuwamo, na imeziacha 61, 89 na 107 zilizostahili. Hata hivyo namheshimu Mersenne. Swali aliloliacha lilikuwa zuri kuliko jibu lake, na kusahihisha orodha ile kumezaa sehemu kubwa ya mbinu ninazotaka kuzitumia hapa.

Jumapili

Leo: je, N ni tasa au siyo? Nimetumia kipimo cha Édouard Lucas, katika umbo ambalo Derrick Henry Lehmer alilinyoosha mwaka 1930. Unaanza na 4. Unaipandisha kipeo cha pili, unatoa 2, unagawanya kwa 2^n − 1 na kubakiza baki. Unarudia mara n − 2. Mwisho ukipata sifuri, namba ni tasa, usipopata, siyo.

Nilikipima kwanza kwa 2^7 − 1 = 127, ambayo kila mtu anajua ni tasa. Inatoka 4, 14, kisha 194 ambayo baki yake ni 67, kisha 42, kisha 111, na 111 × 111 − 2 = 12,319 ambayo ni 127 × 97 kamili. Baki sifuri. Napenda kuona jambo hili likitokea mkononi: mabaki yanarukaruka bila mpangilio unaoonekana, halafu hatua ya mwisho kabisa yanatua pale pale panapotakiwa.

Kwa N hatua ni 65. Hapa kuna jambo la kupendeza kuhusu kugawanya kwa N: huhitaji kugawanya. Kwa kuwa 2^67 ukiigawanya kwa N inaacha 1, unaweza kuikata namba kubwa kwenye biti ya 67, ukachukua sehemu ya juu ukaijumlisha na sehemu ya chini, na baki haibadiliki. Ni kanuni ile ile inayofanya jumla ya tarakimu itoe baki ya 9. Kwa hiyo kipimo chote ni kuzidisha, kukata na kujumlisha.

Matokeo: mwisho si sifuri. N si tasa. Lucas alilithibitisha hili mwaka 1876 kwa hesabu za mkono.

Kilichonikalia akilini ni kile ambacho kipimo hakisemi. Kinatangaza kwamba N ina vigawo, ila hakitoi hata tarakimu moja ya kigawo chochote. Kuanzia 1876 hadi 1903 dunia ya hesabu iliishi katika hali hiyo hiyo: wanajua kwa hakika kwamba N huvunjika, na hakuna anayejua inavunjikia wapi. Wanaoanza nadharia ya namba huona ajabu kwamba maswali haya mawili yametengana. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili.

Jumanne usiku

Kabla ya kuanza kusaka vigawo nimetaka kuona N inavyojibu kipimo cha Fermat. Kanuni ndogo ya Fermat inasema: namba ikiwa tasa, chukua a yoyote isiyogawanyika kwayo, ipandishe kwa kipeo cha namba hiyo ukitoa 1, gawanya kwa namba yenyewe, na lazima baki iwe 1. Ukipata baki nyingine, namba si tasa.

Kwa a = 2, N inatoa 1. Inafaulu. Hata kipimo kikali zaidi, kile cha kupandisha kwa nusu ya N − 1, inafaulu pia.

Sababu iko wazi ukiikodolea macho. Vipeo vya 2 ukivigawanya kwa N vinarudi kwenye 1 kila baada ya hatua 67, kwa kuwa N ni 2^67 − 1 yenyewe. Sasa N − 1 ni 2^67 − 2, na kwa kuwa 67 ni tasa, kanuni ya Fermat yenyewe inasema 2^67 − 2 hugawanyika kwa 67. Kwa hiyo kupandisha 2 kwa N − 1 ni kuzunguka duara lile lile mara kamili na kurudi ulipoanzia. Nusu yake, 2^66 − 1, nayo hugawanyika kwa 67. Hakuna 2^p − 1 ambayo p ni tasa ya witiri itakayokataliwa kwa msingi wa 2, yaani kwa a = 2, iwe tasa au isiwe. Kwa familia hii ya namba, 2 ni shahidi wa uongo siku zote.

Kwa a = 3 N inakataliwa mara moja. Nitarudi kuhesabu mashahidi wa uongo wa N ni wangapi kwa jumla. Hesabu hiyo inahitaji vigawo kwanza.

Alhamisi

Hapa ndipo raha ya mradi ilipo, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Njia ya moja kwa moja ni kujaribu vigawo vyote hadi kipeuo cha pili cha N, ambacho ni bilioni 12 na ushee. Kompyuta inaweza, ila ni kazi ya mabavu. Kumbe N yenyewe inatuambia vigawo vyake vitakuwa na sura gani.

Chukua namba tasa r inayoigawanya N bila baki. Panga vipeo vya 2, na kila kimoja ubakize baki yake kwa r. Ukifika kipeo cha 67 unapata 1, kwa hiyo mabaki yanazunguka, na urefu wa mzunguko lazima uigawanye 67. Kwa kuwa 67 ni tasa, urefu ni 1 au 67. Ukiwa 1 maana yake 2 inaacha baki ya 1, jambo lisilowezekana. Basi ni 67 kamili. Lakini kanuni ndogo ya Fermat inasema urefu wa mzunguko wowote lazima uigawanye r − 1. Kwa hiyo r − 1 ni kigawe cha 67, na kwa kuwa r ni witiri, r − 1 ni kigawe cha 134. Kila kigawo tasa cha N kina umbo 134k + 1.

Si hilo tu. Kwa kuwa 2^67 inaacha 1, basi 2^68 inaacha 2. Na 2^68 ni kipeo cha pili cha 2^34. Kwa hiyo katika mabaki ya r, namba 2 ina kipeuo cha pili, na hilo hutokea tu pale r ikigawanywa kwa 8 inapoacha 1 au 7. Weka 134k + 1 kwenye sharti hilo: k lazima iache baki ya 0 au 1 ukiigawanya kwa 4. Nusu ya namba imeondoka. Kisha ondoa k zinazoacha 1 ukigawanya kwa 3, maana hizo zinazaa vigawe vya 3. Na zinazoacha 1 ukigawanya kwa 5, kwa sababu hiyo hiyo. Katika kila k 60 zinazofuatana, zinabaki 16 za kujaribu.

Nimeandika chujio hilo, kisha nikafuatilia mwanzo wake kwa kalamu. k = 5 inatoa 671, ambayo ni 11 × 61. k = 8 inatoa 1,073 = 29 × 37. k = 9 inatoa 1,207 = 17 × 71. Hizo hazina haja ya kupimwa. Zikiwa si tasa, vigawo vyake vidogo vingetangulia kwenye orodha yetu kama vingekuwa na haki ya kuigawanya N, na havimo. Ya kwanza iliyo tasa ni k = 12, yaani 1,609.

Hivi ndivyo 1,609 inavyopimwa, bila kuigusa N na tarakimu zake 21. 2^11 ni 2,048, inaacha 439. Ipandishe kipeo cha pili upate 2^22: 192,721, inaacha 1,250. Zidisha 1,250 kwa 439 upate 2^33: 548,750, inaacha 81. 81 kwa kipeo cha pili ni 6,561, hiyo ni 2^66, inaacha 125. Zidisha kwa 2: 2^67 inaacha 250. Tungehitaji 1. Kwa hiyo 1,609 haiigawanyi N, tumelijua kwa hatua tano, na mtu anaweza kuzifanya kwenye karatasi. Kompyuta inarudia mistari hiyo hiyo kwa kila r.

Nimeliacha chujio liende.

Alhamisi, baadaye

Limesimama kwenye k = 1,445,580. Kigawo ni 193,707,721.

Ukigawanya N kwa hicho unapata: 761,838,257,287.

Kwa kuwa 1,445,580 ni 60 × 24,093, na kila 60 zinaacha 16, naweza kusema kamili ni namba ngapi zimepita kwenye chujio hadi hapo: 24,093 × 16 = 385,488. Kutoka bilioni 12 hadi chini ya laki nne, kwa kufikiri tu juu ya 67.

Ijumaa

Leo ni siku ya kuhakiki. Kwanza umbo: kigawo kikubwa ukikitoa 1 kinakuwa 134 × 5,685,360,129, na kikigawanywa kwa 8 kinaacha 7. Kidogo kinaacha 1. Vyote viwili vimekaa kwenye sharti.

Kisha ukaguzi wa haraka wa kuzidisha. Kwa 9: jumla za tarakimu ni 37 kwa kigawo kidogo, 64 kwa kikubwa, 109 kwa N, na zote tatu zinaacha 1. Kwa 11: kidogo kinaacha 9, kikubwa kinaacha 8, na 72 inaacha 6. Upande wa N, 2^10 inaacha 1, kwa hiyo 2^67 ni sawa na 2^7 = 128, inaacha 7; toa 1, unapata 6. Zinakubaliana. Baada ya hapo nikazidisha yote kwa kirefu, safu kwa safu, kwenye karatasi. Inachosha mkono, ila nilitaka kuiona ikitokea.

Ndivyo alivyofanya mwanahisabati Frank Nelson Cole tarehe 31 Oktoba 1903 katika mkutano wa American Mathematical Society, chama cha wanahisabati wa Marekani, mjini New York. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 2^67, akatoa 1, akahamia upande mwingine wa ubao akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu yakalingana, akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Baada ya kuzidisha mara moja tu kwa mkono naelewa kwa nini hakuona haja ya maneno. Jibu la swali hili linajithibitisha lenyewe mbele ya yeyote anayejua kuzidisha.

Limebaki swali moja: je, vigawo hivi viwili ni tasa, au vinavunjika tena? Hapa chujio linalipa mara ya pili. Lilianza chini na kupanda bila kuruka chochote kinachostahili, kwa hiyo 193,707,721 ni kigawo kidogo kuliko vyote vya N, na kigawo kidogo kuliko vyote lazima kiwe tasa. Kikubwa je? Kingevunjika, kingekuwa na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki hata 873,000. Kigawo hicho kingekuwa pia kigawo cha N, na chini ya 193,707,721 N haina kigawo. Kwa hiyo 761,838,257,287 ni tasa. Hakuna kipimo kingine kilichohitajika, na hii ndiyo sababu napenda njia ya kupanda taratibu: inakuachia uthibitisho pamoja na jibu.

Jumapili

Nimejaribu njia ya pili, ile ya John Pollard ya mwaka 1974, kuona kama N ingevunjika kwa upande mwingine. Wazo: chagua kikomo B, tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba zote kuanzia 1 hadi B, iite E. Pandisha msingi kwa kipeo cha E, toa 1, kisha tafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya matokeo na N. Kama N ina kigawo r ambacho r − 1 imejengwa kwa vigawo vidogo tu, r − 1 itaigawanya E, na r itajitokeza kwenye KKS.

Kwa N msingi wa 2 haufai kabisa. Mara E inapokuwa na 67 ndani yake, 2^E inaacha 1 kwa N nzima, na KKS inakurudishia N yenyewe. Ni mzunguko ule ule wa Jumanne. Nimetumia 3.

Kwa B = 3,000 KKS imetoka 193,707,721. Ukivunja 193,707,720 unaona sababu: ni 2^3 × 3^3 × 5 × 67 × 2,677. Kigawo chake kikubwa ni 2,677 tu. Upande wa pili, 761,838,257,286 ni 2 × 3^2 × 29 × 67 × 2,551 × 8,539. Kwa hiyo dirisha la mafanikio lina mipaka: B ianzie 2,677 na isifike 8,539. Ukiweka B = 10,000 na kutafuta KKS mara moja mwishoni, vigawo vyote viwili vinaingia pamoja na unarudishiwa N bila kuambulia chochote. Ndiyo maana ni heri kutafuta KKS njiani, kila baada ya hatua kadhaa, badala ya kungoja mwisho.

Kwa kasi njia hii imeliacha chujio mbali. Ila haikuambii kwamba ulichopata ni tasa, wala kwamba hakuna kigawo kidogo zaidi.

Jumatatu

Sasa deni la Jumanne: mashahidi wa uongo. KKS ya 193,707,720 na 761,838,257,286 ni 2 × 9 × 67 = 1,206. Kwa kila kigawo, mabaki yanayodanganya kipimo cha Fermat ni 1,206, na kwa N yote ni 1,206 × 1,206 = 1,454,436. Zimo humo vipeo vyote vya 2. Ukichagua msingi kwa bahati nasibu, nafasi ya kudanganywa ni kama moja katika trilioni mia. Namba 2, ambayo ndiyo ya kwanza kila mtu huishika, imo katika kundi hilo dogo.

Jumatano

Jambo la mwisho nililotaka kuliangalia ni namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6 na 28. Euclid alionyesha kwamba 2^n − 1 ikiwa tasa, basi 2^(n−1) × (2^n − 1) ni timilifu. Mersenne angekuwa sahihi kuhusu 67, 2^66 × N ingekuwa mojawapo. Sasa tunaweza kupima imekosa kwa kiasi gani.

Vigawo vya N ni 1, viwili tulivyovipata, na N yenyewe. Jumla yake ni 2^67 + 762,031,965,008, ambapo namba ya pili ni jumla ya vile vigawo viwili. Jumla ya vigawo vya 2^66 ni N. Zidisha hizo mbili: jumla ya vigawo vyote vya 2^66 × N ni mara mbili ya namba hiyo, na ziada ya N × 762,031,965,008. Namba imezidi utimilifu, na ziada yake imebeba jumla ya vigawo vilivyotafutwa hadi 1903.

Msimbo nimeupanga na kuuwekea maelezo. Inayofuata ni 2^257 − 1, ile nyingine iliyomponyoka Mersenne. Umbo la vigawo vyake ni 514k + 1. Kigawo chake kidogo kinajulikana, 535,006,138,814,359, na ukikitoa 1 ukagawanya kwa 514 unapata k = 1,040,867,974,347. Chujio hili haliwezi kupanda hadi k ya zaidi ya trilioni moja kwa muda unaovumilika, kwa hiyo kabla ya kuigusa naandika njia nyingine ya kusaka vigawo, ile ya mikunjo ya duaradufu ya Hendrik Lenstra, nikianza kuipima kwa N ambayo majibu yake tayari ninayo.